Sahani iliyorudi na jamu: tunavyowasoma Waswidi vibaya

Tangu ile Desemba 2025 serikali ya Uswidi ilipotangaza kwamba inaondoa misaada yake ya maendeleo Tanzania, pamoja na Msumbiji, Zimbabwe, Liberia na Bolivia, ili hela zaidi ziende Ukraine, nimekuwa nasoma komenti za watu wetu mtandaoni na karibu zote zinaangukia pande mbili. Wapo wanaosema Waswidi walikuwa na roho nzuri enzi za Mwalimu na Olof Palme, waziri mkuu wao, sasa hivi wameota roho mbaya. Na wapo wanaosema hawa jamaa hawakuwahi kuwa na roho yoyote, si ndio wale wale wa 2022, dunia nzima ilipowasema mtandaoni kwamba mtoto wa jirani akija kucheza na mtoto wako, muda wa chakula ukifika anaachwa chumbani anasubiri wenye nyumba wamalize kula? Watu wakaunganisha hapo hapo: mtu asiyemlisha mtoto wa jirani, Mtanzania atamkumbuka kwa lipi.

Mimi naona pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, zote zinapima roho. Roho haitakupa jibu la kwanini taifa moja limwache mtoto na njaa chumbani afu taifa hilo hilo likate kodi yake miaka sitini kujenga shule na mabomba ya maji kwa watu ambao halitawaona maisha yake yote. Jibu liko kwenye utamaduni wao na historia yao, na ninavyouona mimi utamaduni huo umesimama juu ya nguzo moja kubwa: Mswidi anaogopa deni la mtu kwa mtu kuliko anavyoogopa upweke. Deni hilo wamelitoa mikononi mwa ndugu na majirani wakalipeleka kwenye mfuko wa wote, serikalini na kwenye vyama. Ukishaliona hilo, ya yule mtoto, ya ule msaada na ya huku kuondoka kwao yote yanaeleweka kwa pamoja.

Nimeishi Uppsala miaka kadhaa, nitaleta stori moja tu ya kwangu. Idd yangu ya kwanza pale nilimpelekea bibi mmoja wa ghorofa ya chini sahani ya pilau na kachumbari pembeni, nimeifunika kwa foili. Aliipokea kwa mikono miwili huku uso umemshuka, sio kwa chuki, ila kama mtu aliyeletewa bili ambayo hakuitegemea. Kesho yake saa nne asubuhi kengele ikalia, sahani imeoshwa mpaka inang'aa, juu yake kichupa cha jamu ya lingon, vile vitunda vyekundu vya porini, kachuma na kuchemsha mwenyewe, kabandika na kikaratasi chenye mwaka. Nikafurahi sana, nikajisemea kumbe hata huku sahani hairudi tupu. Afu akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "nu är vi kvitt", yaani sasa hatudaiani. Nilisimama pale mlangoni na kile kichupa mkononi sijui nijibu nini, maana kwetu sahani hairudi tupu ili mchezo usiishe, leo kwangu kesho kwako mpaka watoto wetu wanakuwa ndugu. Yeye kairudisha na kitu ndani ili mchezo uishe pale pale, na kwa akili yake hiyo ndio heshima kubwa aliyoweza kunipa, kuniacha huru.

Sasa hii akili imetoka wapi? Wengi wanakimbilia kusema ni baridi, giza la miezi sita, watu wamejifungia ndani. Hali ya hewa ina mchango wake, lakini Finland na Urusi nako kuna baridi na watu wao hawako hivyo hivyo. Mimi naanzia kwenye ardhi. Ndani ya Uswidi yenyewe mkulima hakuwahi kuwa mali ya bwana kama alivyokuwa mkulima wa Urusi, na bunge lao la zamani lilikuwa na makundi manne, watawala wa kikabaila, makasisi, watu wa mijini na wakulima, hilo la nne lilikaa bungeni mpaka mageuzi ya 1866. Kwahiyo mkulima alizoea kuongea na mfalme moja kwa moja bila kupita kwa bwana wa kijiji, na mara nyingi mfalme na mkulima walikuwa upande mmoja dhidi ya makabaila. Hilo la kuiona serikali kama mtu wa upande wako halijaanza na wasoshalisti wa karne ya 20, ni la zamani mno.

Afu wakaja kuvunja vijiji. Hapa naomba msomaji wa Tanzania akae vizuri, maana sisi tunajua ya kinyume chake. Kuanzia kwenye shamba la Svaneholm kule Skåne, kusini mwa Uswidi, mwishoni mwa karne ya 18, kisha kwa sheria ya 1803 na ile kubwa ya 1827 iliyoitwa laga skifte, serikali ilichukua vijiji ambavyo nyumba zilibanana pamoja na kila familia ina vipande vya shamba huku na kule, ikapima upya, kila familia ikapewa eneo moja kubwa, na nyumba nyingi zikabomolewa gogo kwa gogo zikahamishiwa katikati ya shamba jipya. Sisi kwenye Operesheni Vijiji tulihamishwa kutoka mashambani tukakusanywa tukae pamoja, wao walihamishwa kutoka kijijini wakatawanywa wakae mbali mbali, na wote waliambiwa ni kwa ajili ya maendeleo. Kilimo kilikua kweli, ila yule jirani wa kugongewa mlango usiku mtoto akizidiwa sasa yuko mbali, katikati ni shamba na theluji. Ukitaka kujua mtu anajifunzaje kutomtegemea jirani, anza hapo.

Jambo jingine ni umaskini wenyewe, na hapa ndipo ninapowaonea huruma kweli kweli, maana Waswidi wa leo wanavyoonekana huwezi kuamini. Njaa ya 1867 mpaka 1869 iliua watu na kusukuma wengine melini, na kati ya katikati ya karne ile na miaka ya 1920 zaidi ya watu milioni moja walikimbilia Amerika, kwenye nchi ambayo mwaka 1900 ilikuwa na watu kama milioni tano tu. Waliobaki bila kitu walizungushwa nyumba kwa nyumba, siku kadhaa kwa huyu siku kadhaa kwa yule. Na kulikuwa na mnada wa maskini. Mtoto yatima au mzee asiyejiweza anasimamishwa mbele ya watu wa parokia, na anakabidhiwa kwa mtu atakayetaja bei ya chini kabisa ya kumtunza, maana parokia ndio inayolipa na inataka nafuu. Mtoto anasimama anasikia bei yake inashuka. Mambo haya yalipigwa marufuku kwa sheria ya 1918, yaani wapo watu walioyaona ambao wajukuu zao ndio wastaafu wa leo. Na mtu aliyekuwa anategemea msaada wa maskini alinyimwa haki ya kupiga kura mpaka 1945. Hapo hisani ya jirani haikuwa kitu kitamu, ilikuwa na macho, ilikuwa na mdomo, ilikukumbusha kila siku wewe ni nani, na ukiila unapoteza hata sauti yako kwenye nchi.

Mtu aliyetoka huko akipata nafasi ya kujenga nchi atajenga nini? Atajenga nchi ambayo hakuna mtoto atakayesimama mnadani na hakuna mtu atakayesema asante kwa kula. Na ndicho walichofanya. Per Albin Hansson alipolieleza bunge mwaka 1928 kuhusu folkhemmet, nyumba ya wananchi, alikuwa anaongelea nyumba ambayo ndani yake hakuna mtoto wa kambo. Hela ya mtoto ilianza 1948 kwa kila mtoto, wa tajiri na wa maskini sawa, makusudi kabisa, ili kuipokea kusiwe alama ya mtu aliyeshindwa. Mwaka 1971 mume na mke wakaanza kukatwa kodi kila mtu peke yake ili mke asiwe mtegemezi kwenye karatasi za mumewe. Mwaka 1974 likizo ya uzazi ikawa ya wazazi wote wawili, wa kwanza duniani. Mwaka 1979 wakawa wa kwanza pia kupiga marufuku kumchapa mtoto, hata mzazi wake mwenyewe haruhusiwi. Mwanafunzi wa chuo anapata hela yake na mkopo wake bila mtu kuuliza baba ana mshahara gani, kwahiyo mtoto wa bosi na mtoto wa dereva wa basi wanajaza fomu ile ile, na baba hawezi kumwambia binti yake nisomee sheria au nakukatia ada. Mzee anatunzwa na halmashauri, hakuna sheria inayomlazimisha mwanae. Wanahistoria Henrik Berggren na Lars Trägårdh ndio waliolieleza hili vizuri kuliko wengine, kwamba serikali ya Uswidi inamkomboa mtu mmoja mmoja kutoka kwa watu wake wa karibu, mke kutoka kwa mume, mzee kutoka kwa mtoto, ili anayebaki kukupenda abaki kwa sababu anakupenda.

Na sistimu kama hiyo haiendi bila daftari. Hapa kanisa lilikuwa limeshafanya kazi. Sheria ya kanisa ya 1686 ilidai kila mtu ajue kusoma neno la Mungu, na kasisi alikuwa anapita kila mwaka kukaa na kila kaya, wenye nyumba na wafanyakazi wao wote, anawasomesha katekisimu mmoja mmoja na kuandika kwenye kitabu nani anasoma vizuri nani anababaika, nani kahama, nani kazaa. Kwahiyo kabla shule za msingi hazijawa sheria mwaka 1842 wengi walikuwa tayari wanajua kusoma. Tangu 1749 nchi ina takwimu za watu wake wote, na vitabu vya kanisa ndivyo vilivyokuwa rejista ya wananchi mpaka 1991 vilipohamishiwa ofisi ya kodi. Ukifika Uswidi leo, kabla hujapewa namba ya mtu, ile personnummer, hata kufungua akaunti benki ni shughuli. Ukishapewa, umezaliwa. Hata lile neno lao maarufu lagom, la kiasi cha kutosha, wengi wanalisimulia eti limetokana na Waviking kupokezana pembe ya pombe kila mtu anywe sehemu yake, stori nzuri ila sio kweli, neno lenyewe limetoka kwenye lag, yaani sheria na utaratibu. Kinachotosha ni kile kilicho sawa na utaratibu. Sijui neno jingine linalowaeleza vizuri zaidi ya hilo.

Turudi kwa yule mtoto chumbani. Ukimuuliza Mswidi mtu mzima atakwambia sisi hatukutaka kumharibia mama yake mpango, pengine kashapika nyumbani, pengine ataona tunamdharau kwamba hawezi kumlisha mwanae. Kwetu hilo halisameheki, mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi mwenyewe siwezi kula mtoto wa mtu akiwa chumba cha pili, chakula hakishuki. Sitaki kulipamba hili. Ila tuone kinachotokea kwenye kichwa chao: kile chakula wanakiona kama deni, na deni kwa maskini wa kwao lilikuwa na historia ya mnada nyuma yake. Na mtoto huyo huyo shuleni anakula chakula cha mchana cha bure cha moto kila siku, pamoja na watoto wote, kwa sababu sheria inasema hivyo na kodi ya yule yule jirani ndio inayolipa. Mswidi anamlisha mtoto wa jirani kweli, anamlishia shuleni. Upungufu wa utaratibu huu upo na ni mkubwa, nenda kwenye majengo ya apatimenti uone, zaidi ya theluthi ya kaya zao ni mtu mmoja peke yake, na wapo wazee ambao mtu pekee anayewagusa kwa wiki nzima ni mhudumu wa halmashauri mwenye ratiba ya dakika. Mtu akiniambia uhuru huo umelipiwa kwa upweke sitabishana naye, nimeuona. Ninachobishia ni kusema hawana ubinadamu.

Kuna hoja nyingine ambayo nadhani ndio dhaifu kuliko zote na kwa bahati mbaya ndio inayopendwa zaidi sasa hivi, huko kwao na hata huku kwetu, kwamba Waswidi walifanikiwa kwa sababu walikuwa damu moja, kabila moja, dini moja, na sasa wageni wamewaharibia. Damu yenyewe kwanza. Stockholm ya zamani ilijaa wafanyabiashara Wajerumani mpaka sheria iliwatengea nusu ya viti vya baraza la mji, hadi 1471. Chuma kilichowatajirisha karne ya 17 kiliyeyushwa kwa ufundi wa Wawalloni kutoka eneo la Ubelgiji ya leo, na wazao wao bado wapo na majina yao ya Kifaransa. Ufalme wa leo ni wa ukoo wa Bernadotte, mwanajeshi Mfaransa wa Pau aliyechaguliwa mrithi mwaka 1810. Lucia wanayemuimbia na mishumaa Desemba 13 ni mtakatifu wa Sicilia. Na kaskazini Wasami walikuwepo siku zote na lugha zao, wakanyimwa ardhi na wakatengewa shule, leo nchi inatambua rasmi jamii tano za wachache, Wasami, Wayahudi, Waroma, Watornedal na Wafini wa Uswidi. Kiswidi chenyewe kilitajwa kwenye sheria kama lugha kuu mwaka 2009 tu. Lakini hata tukiachana na damu, hoja inaanguka kwa sababu nyingine: wakati ule walipokuwa wanafanana zaidi ndio wakati waliokuwa wanawapiga mnada watoto wao na kuwanyima maskini kura. Kufanana hakukumsaidia yule yatima. Na ilipofika wakati wa kuamini sana damu, mwaka 1922 walifungua taasisi ya serikali ya baiolojia ya mbari pale pale Uppsala, na kati ya 1935 na 1975 watu kama 63,000 walifungwa uzazi chini ya sheria, wengi wao wanawake, wengi kwa kushinikizwa, karibu wote Waswidi hao hao wa damu moja. Daftari lile lile linalompa mtoto haki yake ndilo lililoonyesha nani asizae. Mtu anayesifia sistimu ya Uswidi bila kutaja hilo anaisoma nusu. Kilichowatoa kwenye umaskini ni ugomvi mrefu wa vyama, walokole wa makanisa huru waliokataa kanisa la mfalme, wapinga pombe, wafanyakazi wa viwandani, wanawake, watu waliokaa kwenye vyumba vya mikutano vyenye baridi wakijifunza kuandika mihutasari na kupiga kura. Hiyo ni kazi ya mikono, mtu yeyote anaweza kujifunza.

Ndio maana ule mjadala wao wa orodha ya utamaduni nimeufuatilia kwa makini. Septemba 2025 kamati ya serikali, mwenyekiti wake ni yule yule Trägårdh, ilitoa orodha ya vitu 100 vinavyomweleza Mswidi, na sharti lilikuwa kitu kiwe na angalau miaka 50, kwahiyo bendi yao maarufu ya ABBA ikabaki nje. Wanaoiunga mkono wana hoja ambayo siidharau, kwamba mgeni anahitaji ramani, hauwezi kumwambia mtu jichanganye na sisi halafu ukashindwa kumwambia sisi ni nani, na kumpa kitu hicho ni heshima. Tena orodha yenyewe haikuishia kwenye michoro na makanisa, imo IKEA, imo likizo ya baba, yaani wameelewa kwamba utamaduni wao mkubwa ni taratibu. Wanaoipinga nao wanasema ukifunga mlango mwaka 1975 umewafungia nje watu ambao wazazi wao walikuja baadaye, na jamii za wachache zikalalamika kwamba zimesahaulika. Mimi naona kosa liko kwenye umbo lake. Orodha ni mali, na mali inarithiwa, anayerithi ni mtoto wa nyumba. Wakati chama, daftari, zamu ya kufua nguo kwenye chumba cha pamoja chini ya jengo ambapo unaweka kikufuli chako kwenye ubao wa zamu na hakuna profesa wala mfagizi anayekuruka, hivyo vyote unaingia ukijua sheria, haijalishi bibi yako alizikwa wapi. Wamechukua utamaduni wa kuingia wakauandika kama utamaduni wa kurithi, na wameufanya hivyo chini ya serikali inayobebwa na Sverigedemokraterna, chama kinachopinga uhamiaji kilichopata asilimia 20.5 ya kura mwaka 2022, kwa hiyo mtu asishangae wageni wakisoma maana nyingine kabisa kwenye orodha hiyo.

Sasa msaada. Ukiijua historia ile utaona kwamba msaada kwetu haukutoka kwenye roho ya Mswidi mmoja mmoja, ulitoka kwenye vyama vile vile. Walokole walitangulia, Kongo Mashariki wamishenari wa Kipentekoste wa Uswidi walifika tangu miaka ya 1920, na hospitali ya Panzi pale Bukavu ilipoanzishwa 1999 ilikuwa na mkono wa makanisa hayo. Kagera Walutheri wa Uswidi walifanya kazi miaka mingi, askofu wa kwanza wa Bukoba kwa Walutheri alikuwa Bengt Sundkler, akamwachia Josiah Kibira 1964. Afu wakaja vyama vya wafanyakazi, ushirika, na serikali yao. Kituo cha elimu cha Kibaha kilijengwa na nchi za Nordik kwa pamoja kuanzia 1963 kikakabidhiwa kwetu 1970. Kuanzia 1969 bunge lao lilikubali kusaidia harakati za ukombozi, na hela yao ilifika mpaka shule ya ANC pale Mazimbu, Morogoro. Na vyuo vyetu vya maendeleo ya wananchi, zaidi ya 50, Ifakara, Newala, Urambo, vilianza 1975 kwa mfano wa folkhögskola zao, vile vyuo vya watu wazima walivyovianzisha 1868 ili mtoto wa mkulima ajifunze kuongoza kikao bila kuogopa mwenye suti. Kwangu hicho ndicho kitu cha Kiswidi kuliko vyote walivyotuletea, maana walitupa kile kilichowatoa wenyewe mnadani. Wapo wanaosema walikuwa wanatafuta soko la malori ya Scania na mitambo yao, na ni kweli viwanda vyao vilinufaika, ila faida hiyo peke yake haielezi Mazimbu, maana mwaka 1969 hakuna aliyekuwa anajua makaburu wataondoka.

Kwahiyo kilichobadilika ni nini? Vyama vimekonda. Mswidi wa leo ni mwanachama wa mambo mengi kwenye karatasi lakini kile kikao cha jioni chenye kahawa na ugomvi kimepungua, na msaada ukabaki bila wenyewe, ukawa kitu cha wizara. Lengo la msaada wa asilimia moja ya pato la taifa walijiwekea 1968, serikali iliyoingia 2022 ikaliweka pembeni ikataja kiasi maalum cha fedha, kwanza bilioni 56 za krona kwa mwaka, sasa 53, na sehemu kubwa inaelekea Ukraine. Vita iko mlangoni kwao, nchi iliyokaa bila vita tangu 1814 imeingia NATO Machi 2024, hofu hiyo ni ya kweli na sitaki kuicheka. Lakini uamuzi wa kuifungia Tanzania ulipita bila kelele kubwa mitaani, na hapo ndipo mtu wa kwetu anaposema wametutupa. Ukweli unaouma zaidi ni kwamba hatukuwa kwenye mioyo yao, tulikuwa kwenye daftari lao, na daftari linafutika kwa kalamu moja. Hasara yake ni kwa pande zote mbili. Sisi tuna vyuo zaidi ya 50 ambavyo bado vimesimama na tunavichukulia kama vya waliofeli, wakati wenzetu walivitumia kutoa wabunge.

Na kwa waliohamia huko, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, jambo la kuangalia kuelekea uchaguzi wa Septemba 2026 ni hesabu nyingine. Kuanzia 2026 serikali imepandisha hela inayompa mkimbizi akikubali kurudi kwao moja kwa moja, kutoka krona 10,000 mpaka 350,000 kwa mtu mzima. Wanasiasa wanaiita hiari, na hakuna anayelazimishwa. Ila mimi nikiisoma nasikia sauti ya yule bibi mlangoni, chukua hii, sasa hatudaiani. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa anamalizana na mtu aliyempa kitu. Leo bibi huyo ana zaidi ya miaka 90, na anayemvalisha soksi za kubana asubuhi na kumpimia dawa ni mama mmoja wa Uvira, mkimbizi ambaye uraia bado hajapata, tunakutana naye kwenye ngazi tunaongea Kiswahili dakika mbili kabla hajakimbilia mlango unaofuata. Analipa kodi, yuko kwenye rejista, ana namba yake, zamu yake ya kufua haikosi. Kwa utaratibu waliouweka Waswidi wenyewe huyo mama ameshaingia kwenye hesabu ya wote, anatoa na anapokea kama mtu mwingine yeyote. Hiyo 350,000 inamlipa deni la nani?